Kizibo cha Kubonyeza

Ndoo ya bluu ilikaa chini ya sinki la bafuni muda mrefu, hata watu wa nyumba ile wakasahau kwamba iliwekwa pale kwa sababu. Anayekwenda kunawa aliisukuma kwa mguu, akimaliza aliirudisha kwa mguu, na atakayeikuta imejaa ndiye wa kuimwaga. Aliyeikuta imejaa, siku nyingi, alikuwa mama wa nyumba, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo, binti yao alikuwa bado mdogo, na mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, mgongo wake haukutaka tena habari za kuinama.

Kilichokuwa kikivuja ni kile chuma cha katikati ya sinki, pale maji yanapoingilia kwenda chini. Mafundi wanakiita westi. Ilikuwa ya zamani, ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha, na rangi ilikuwa imebambuka ikaacha madoa ya kijani. Mdomoni mwake ilikuwa na vyuma viwili vilivyokatizana kama msalaba, na pembeni kilining'inia kizibo cheusi cha mpira kwenye mnyororo mwembamba. Mpira wa ndani ulikuwa umeoza. Ukinawa, nusu ya maji yanakwenda yanakotakiwa, nusu yanapita kando, to, to, to, mpaka kwenye ndoo ya bluu.

"Mama, nimechoka na ndoo hii," mshonaji akasema. "Namwita fundi abadilishe."

"Mwite," mama mkwe akajibu. "Ila mwambie aweke kama hii hii."

"Kama hii hii mbovu?"

"Haina ubaya wowote, imezeeka tu. Mimi nami nimezeeka, mbona hamjanibadilisha?"

Akacheka. Na kicheko cha mama yule hakikuwa kitu kidogo. Kilianzia chini kabisa, kama mtu anayevuta meza nzito chumba cha pili, halafu kikapanda, kikafunguka, mdomo wazi, kichwa nyuma, meno yote nje yamejipanga kama vifungo vya shati jipya. Mtaani walimwita Mama Kicheko. Kuna wateja walioleta suruali kupunguzwa, nao suruali zilikuwa zinawatosha vizuri tu. Walikuja kukaa barazani wamsikie akicheka.

Baraza ndiyo ilikuwa karakana ya mshonaji. Cherehani upande wa dirisha, meza ya kukatia upande wa mlango, na katikati kiti cha mama mkwe na kopo lake la vifungo. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kufumua nyuzi za kushikizia. Mshonaji alifiwa na mama yake akiwa bado hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, na siku alipoolewa alikuja nyumba ile na hofu ya mama mkwe, kama wengi wanavyokuja. Lakini yule mama alimpokea kwa kumwambia, "Mwanangu anakoroma, pole," na hofu ikaishia pale pale mlangoni. Tangu hapo wamekuwa wakikaa pamoja kila mchana, na katika nyumba nzima hakuna kitu ambacho mshonaji alikithamini kama mchana ule wa barazani.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Mshonaji, kama washonaji wote, alikata uzi kwa meno. Mama mkwe hakuwahi. Hata uzi uwe mwembamba kama nywele, angenyoosha mkono asubiri mkasi.

"Mama na meno mazuri hivyo, huwezi kukata uzi?"

"Meno ni ya kulia chakula," angesema. "Lete mkasi."

Basi fundi bomba akaja akaangalia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka nyingi. Akapitisha kidole chini ya sinki, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. "Nenda dukani chagua unayoipenda, mimi nafunga. Ila uangalie kitu kimoja. Sinki lako lina hiki kitundu cha juu kinachomeza maji yakizidi. Basi westi iwe na tundu ubavuni, maji ya juu yapate pa kutokea. Ukileta isiyo na tundu, utafurika siku moja uje unitukane."

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mshonaji akaliuliza hilo la tundu la ubavuni, na muuzaji akamwekea mbili mezani, zote zinazo. Moja ilikuwa kama ile ya nyumbani: msalaba mdomoni, kizibo cha mpira, mnyororo. Ilitoka kwenye boksi la chini lenye vumbi. Nyingine iling'aa mpaka akauona uso wake, na haikuwa na mnyororo wala msalaba. Juu ilikuwa na kifuniko cha mviringo, mfano wa uyoga.

"Hii ni ya kubonyeza," muuzaji akasema. "Ukibonyeza inafunga, ukibonyeza tena inafunguka. Jaribu."

Mshonaji akabonyeza. Tak. Akabonyeza tena. Tak. Mkono ukanoga.

Akaishika ile ya msalaba mkono mmoja na ya uyoga mkono mwingine. Maneno ya mama mkwe yakamjia, aweke kama hii hii. Akawafikiria pia wateja wake, hasa wale wanaokuja kupimwa magauni ya harusi, wanaoomba kunawa mikono kabla ya kugusa kitambaa cheupe. Wangenawa wakitazama madoa ya kijani mpaka lini?

"Mama atazoea," akajisemea, akairudisha ile ya msalaba kwenye boksi lake.

Fundi alipofunga, mama mkwe alisimama mlangoni mwa bafu tangu mwanzo hadi mwisho. Nati ya zamani ilikuwa imeshikana na kutu, ikabidi imwagiwe mafuta na kugongwa gongwa. Ikatoka na kelele. Fundi akakwangua uchafu uliozunguka shimo, akalifuta sinki likawa kavu, akapaka silikoni, akaishusha westi mpya, akazungusha tepu nyeupe kwenye uzi wake wa chini unaoshikwa na nati, akakaza nati kwa mkono kwanza na spana mwisho. Halafu akarudisha kile kikombe kinachoning'inia chini, kinachobaki na maji ndani ili harufu isipande.

"Na hicho kipya kina nini humo ndani?" mama mkwe akauliza.

"Hakina kitu, mama. Ukitoa kifuniko ni wazi mpaka chini. Maji yatashuka kama yamefukuzwa."

Mama mkwe akabaki akilitazama lile shimo. Mshonaji akaliona hilo, akalipita.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Ndoo ya bluu ikarudi uani kwenye kazi za ndoo. Mama mkwe alibonyeza kizibo kwa kifundo cha kidole, akakitania. "Sinki limekuwa kama kengele ya mlango. Nabonyeza, sioni mtu akitoka." Kile kifuniko, hata kikiwa wazi, kiliacha mwanya mwembamba tu, wa kupita maji na nywele. Kwa hiyo hakuna lililotokea.

Kisha springi ikachoka. Kizibo kikabonyezwa kikafunga, kikabonyezwa tena kikakataa kufunguka, na sinki likabaki limejaa maji ya sabuni. Mshonaji akakivuta, akakizungusha, kikatoka mkononi. Akakiweka dirishani kando ya sabuni: kesho nitakirudisha dukani wanibadilishie. Lakini ulikuwa msimu wa sare za shule. Vitambaa vya bluu vilijaa barazani mpaka kwenye viti. Kesho ikawa kesho nyingine. Kifuniko kikakaa dirishani, na mdomo wa sinki ukabaki wazi, mweusi, mpana wa kumeza kijiko.

Asubuhi moja ya siku zile za sare mama mkwe aliingia bafuni, akafunga komeo kama kawaida yake, na akachelewa sana kutoka. Alipotoka alikuwa ameushika upindo wa kanga mdomoni. Akaja mpaka barazani. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni, mteja amesimama mbele yake nusu amevaa sketi nusu hajavaa, na wengine wawili wanasubiri.

"Mkwe wangu," mama akasema kwa sauti ndogo, kanga haijabanduka. "Hivi kitu kikidondoka mle kwenye sinki, kinakwenda wapi?"

Mshonaji akasikia sinki, basi. Hakusikia kingine. Akadhani ni yale yale ya westi, kwamba sasa, mbele ya wateja, anakumbushwa kwamba aliambiwa.

Akazitoa pini mdomoni. "Kinakwenda zake, mama. Si ndiyo kazi ya bomba, kupeleka vitu mbali?"

Mteja wa sketi akacheka.

"Haya," mama mkwe akasema. Akageuka, akarudi chumbani kwake.

Tangu siku ile kicheko kikakoma. Mama alikuja mezani kanga mdomoni, akala uji, akashukuru kwa kichwa. Akiulizwa anaumwa nini alisema ni uchovu. Barazani hakuja tena. Kopo la vifungo likakaa juu ya kiti chake, na mashati yakaanza kurundikana bila vifungo. Wateja waliuliza, "Mama Kicheko yuko wapi leo?" Mshonaji alijibu amepumzika, lakini moyoni alikuwa na jibu lake: amenuna. Amenuna kwa sababu sikununua alichotaka.

Na mtu akishaamini amenuniwa, naye hununa. Mshonaji akaacha kugonga mlango wa chumba kile mchana. Akawa anaweka chakula mezani na kusema "Karibu, mama" akiwa ameshageuka. Siku moja, akiosha vyombo, akasema kwa sauti ya kutosha kupita ukutani, "Mtu mzima kununia bomba." Akasubiri.

Sinki nalo likaanza kumeza maji polepole. Jumamosi asubuhi mshonaji akaona kumwita fundi ni kumtafuta tena na maneno yake. Akaingiza ndoo ya bluu chini ya sinki, akapiga magoti, akakishika kile kikombe kwa mikono miwili, akakizungusha. Kikalegea. Akakimimina.

Vikatoka vile vinavyotoka humo: nywele zilizosokotana, povu jeusi, utelezi wa sabuni. Na katikati ya nywele kidude kidogo cha rangi ya waridi, kilichopinda kama kigae cha kikombe, chenye kiwaya kimoja ubavuni na kitu cheupe mfano wa punje ya hindi. Akakisogeza kwa ncha ya kidole. Binti yake alikuwa na mdoli aliyekwisha vunjika vunjika kila upande, na vipande vyake vilikutwa kila mahali, mpaka kwenye unga. Akakiokota pamoja na nywele zake, akakitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga fundo, akautoa nje. Mkokoteni wa taka ulipita kabla hajamaliza kufua.

Alifurahi. Kazi ya fundi ameifanya mwenyewe, maji yanashuka. Akapita mlangoni mwa mama mkwe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akazungumza kwa uchangamfu.

"Mama, nimelizibua sinki mwenyewe."

Sauti ikatoka ndani, "Umekuta nini humo?"

"Nywele tu, mama."

"Nywele tu?"

"Nywele na sabuni. Ndivyo vilivyoziba."

"Umefanya vizuri," sauti ikasema.

Dereva aliporudi safari, mama yake akamwambia anataka kwenda kupumzika kwa binti yake, upande wa pili wa mji. Dereva akamtazama mkewe, mkewe akatazama cherehani. Siku ya kuondoka mshonaji alikuwa akishona kola. Angeweza kusimama. Kola ingesubiri. Aliinua mkono mmoja, mwingine ukabaki kwenye kitambaa, akasema, "Safari njema, mama, msalimie wifi." Mama akapunga naye, kanga mdomoni, akapanda gari.

Baraza ikawa na sauti ya cherehani peke yake. Wateja wa suruali zinazowatosha wakaacha kuja. Mshonaji akashona vifungo mwenyewe, na kila akifungua kopo alikuta mama alivyoviacha vimepangwa: vyeupe na vyeupe, vya mifupa na vya mifupa, na vile visivyo na mwenzake vimetungwa kwenye uzi mmoja.

Wifi yake ndiye aliyekuja kumfumbua macho, naye hakuja kwa hilo. Alileta gauni la kuachiwa kiunoni. Alikuwa amesimama mikono juu, mshonaji anambana pini, akasema:

"Mama anakusalimia. Yule daktari wa meno keshamwekea lingine, lakini halimkai. Anaogopa hata kukohoa."

"Lingine nini?"

"Jino." Wifi akashusha mikono. "Kumbe hukujua? Na mimi nimejua juzi juzi tu, usione. Jino la mbele, mama yetu, la bandia. Tangu tuko wadogo. Alianguka kisimani wakati ana mimba yangu, likatoka. Sasa si alikuwa analiosha kwenye sinki lenu, likamponyoka, likaingia? Amelia kama mtoto. Nikamwambia, mama, si ungemwambia mkweo? Akasema alijaribu kuuliza." Akainua mikono tena. "Tafadhali usimwambie nimekwambia."

Mshonaji alikuwa bado ameshika pini. Akauliza, ingawa hakutaka kujibiwa, "Likoje?"

"Atii? Si kijino tu, kimekaa kwenye kipande cha waridi hivi, na kiwaya cha kushikia. Aa, wifi, umenichoma."

Akamaliza kupima kwa sababu mikono ilikuwa inajua kazi yake. Wifi alipokwenda, akaingia bafuni. Kifuniko cha uyoga kilikuwa bado dirishani, kimeota vumbi juu ya mng'aro. Akakaa kizingitini mwa bafu. Yote yakaanza kurudi, kila kitu na mahali pake: mkasi uliosubiriwa miaka yote, komeo la asubuhi, ule msalaba mdomoni mwa sinki ambao usingepitisha hata kifungo cha shati. Swali la barazani nalo likarudi. Wakati mama anauliza, jino lilikuwa hapo chini, kwenye kikombe, mkono mmoja kutoka kwake. Neno moja la upole lingelitoa. Na baadaye akalishika kwa vidole vyake mwenyewe, akalifunga fundo.

Hakumwambia mumewe. Aliona akisema litakuwa maneno, na maneno yanatembea.

Akarudi dukani. "Ile yenye msalaba," akamwambia muuzaji, "yenye mnyororo."

"Watu wameshaziacha hizo, mama."

"Nipe hiyo hiyo. Na iwe na tundu la ubavuni."

Fundi akaja na maneno yake, kwamba wengine wanatoka kwenye zamani kwenda kwenye mpya, yeye anafanya kinyume. Mshonaji alisimama mlangoni mwa bafu, pale pale alipokuwa amesimama mama, mpaka nati ya mwisho ikakazwa.

Halafu akatuma ujumbe kwamba mama aje hata kutembea, vifungo vimemshinda.

Mama akaja. Dereva alimleta akaenda zake kutengeneza tairi. Alikuwa amekonda kidogo, na alipoamkiana na mkwewe alitabasamu midomo ikiwa imefungwa, kama mtu anayeficha peremende. Akaomba maji ya kunawa. Mshonaji akasikia komeo. Akasikia bomba likifunguliwa, likifungwa, kisha mnyororo ukigonga sinki, taratibu, mara nyingi kuliko anavyohitaji mtu wa kunawa mikono.

Alipotoka akaja kukaa kwenye kiti chake barazani, akapakata kopo la vifungo.

"Umeirudisha," akasema.

"Nimeirudisha, mama."

"Basi wifi yako hana kifua."

Mshonaji akainamisha kichwa. "Usimgombeze."

"Simgombezi. Nilizaa mtoto, sikuzaa sanduku." Akachagua kifungo, akakishika kwenye mwanga. "Wewe nawe ulidhani nimenuna."

"Nilidhani, mama."

"Nilikusikia, ukiosha vyombo." Hakusema kwa ubaya. Akatunga sindano, akaanza kukishona kifungo kwenye shati. "Nisamehe na mimi. Ningesema tu. Lakini kitu umekificha miaka na miaka, siku ya kukitoa hujui ukitoe kwa mlango gani."

Mshonaji akavuta kiti karibu. Alikuwa amejiandaa. Usiku uliopita na asubuhi nzima alikuwa akiyapanga maneno: mama, lile jino nililiona, nililishika, nililitupa mimi. Akafungua mdomo.

"Nikwambie kilichonituliza?" mama mkwe akasema, macho kwenye sindano. "Siku ile uliposema umekuta nywele tu. Nilikuwa nimelala pale nasali. Nikijiambia, sasa atalikuta, atalishika, atalitazama. Marehemu mume wangu mwenyewe hakuwahi kuliona likiwa nje ya kinywa changu. Uliposema nywele tu, nikasema basi, lilishakwenda na maji, mbali, hakuna mtu aliyeliona. Hilo ndilo linalonipa usingizi."

Barabarani mtu alipita na baiskeli yenye kengele mbovu.

Mshonaji akaufunga mdomo wake. Maneno aliyoyapanga yakabaki humo yote, na alijua yatabaki humo siku zote, yeye na hayo, kwa sababu kuyatoa kungempunguzia yeye mzigo na kumtwisha yule mama.

"Ndiyo, mama," akasema. "Lilikwenda na maji."

Akachukua shati jingine ili mikono iwe na cha kufanya. Akashona kifungo, akafika mwisho wa uzi, na kwa mazoea akaupeleka kwenye meno.

Mbele ya uso wake ukatokea mkasi. Mama mkwe alikuwa ameunyoosha.

"Meno ni ya kulia chakula," akasema.

Akacheka. Kilianzia chini kama zamani, kikapanda, mshonaji akainua kichwa akingoja kifunguke. Kikafika karibu na juu, na hapo mkono wa mama ukaruka ukaziba mdomo, kicheko kikakatika ndani ya kiganja. Mama akameza mate, akauweka ulimi mahali pake kwanza, akahakikisha. Kisha akarudi kwenye kifungo chake.

Mshonaji akaukata uzi kwa mkasi. Dereva alipiga honi jua likiwa bado liko juu, na mama akainuka, akaliacha kopo juu ya kiti.

"Utarudi lini, mama?"

"Nitakuja kutembea," mama mkwe akasema, kanga ikiwa tayari mdomoni.